SENETI ISIVUNJWE, IULIZWE HESABU



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja wa karakana alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi mengi. Alisema Seneti ni nyumba ya maneno matupu, kwamba yala fedha za wananchi bure, na kwamba chama chetu kitoe tamko la kutaka ivunjwe kama ilivyovunjwa ile ya zamani. Makofi yalipigwa hata na vijana wa kwetu, watoto wa Ngao na Garsen waliokuwa wamekaa viti vya nyuma. Sisi wazaliwa wa huko huko tulionyamaza siku ile, tulinyamaza kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa na zamu. Leo twamjibu ndugu yetu kwa maandishi. Hatumjibu kwa chuki, maana ni mfanyakazi mwenzetu. Lakini twamwambia wazi kwamba alikosea, na waliopiga makofi kutoka Tana walikosea mara mbili.

Kwanza tumpe haki yake, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na ulipofurika tena Aprili na Mei 2024, sisi tulikuwa kazini huku kwenye reli. Simu zilikuja usiku. Maji yameingia nyumba ya mzee. Mpunga umekwenda. Kuku wamekwenda. Mama yuko penye mwinuko na watoto, hapana turubai, hapana dawa ya kuharisha, na barabara imekatika hata gari la msaada halipiti. Tulichanga tulichokuwa nacho. Wengine wakakopa juu ya mshahara ambao haujafika. Siku zile zile tukasikia kwa redio kwamba mafuriko yanazungumzwa Nairobi. Waheshimiwa walisimama mmoja mmoja kutoa pole. Tukafurahi, tukasema sasa kilio kimefika. Tukangoja. Mwisho maji yalishuka yenyewe, kama yanavyoshuka siku zote, na pole zikabaki katika vitabu.

Mtu aliyepitia hayo akisema Seneti ni maneno, hatumwiti mjinga.

Lakini sisi ni watu wa reli, na mtu wa reli anajua kwamba ratiba ni kitu kimoja na gari ni kitu kingine. Ratiba yaweza kuandikwa magari ishirini. Litakalofika ni lile lenye injini, lenye dereva, na lililopewa njia. Seneti nayo ina ratiba yake, yaitwa Orodha ya Shughuli, na hutolewa kwa kila kikao. Vikao vya kawaida ni Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Spika huingia, dua husomwa. Wakiwa pungufu ya watu 15 kengele hupigwa ili waliotoka warudi, maana Katiba katika kifungu cha 121 yakataza kuendelea bila hao. Kisha Spika hutoa matangazo yake, maombi ya wananchi husomwa, ripoti na karatasi za hesabu huwekwa mezani. Anayetaka kuleta hoja hutoa ilani kwanza. Anayetaka maelezo juu ya jambo fulani huomba taarifa. Ndipo huja miswada, na hoja zenyewe.

Asiyejua mpango huu akifungua redio husikia kelele moja tu, watu wanaoitana waheshimiwa na wanaokatizana kwa jambo la nidhamu. Haoni kwamba ndani ya kelele hiyo kuna mabehewa mbalimbali, mengine yamejaa na mengine hayana kitu.

Hoja nyingi ni behewa tupu. Twasema hivyo bila kuogopa. Hoja ya kawaida huandikwa kwa namna moja: ikijua kwamba watu wana shida fulani, ikisikitika kwamba shida hiyo imedumu, sasa basi Seneti yaihimiza Serikali ifanye hivi na hivi. Neno lenyewe ni hilo, yaihimiza. Haiamuru, wala haitoi hata senti. Waheshimiwa husema, kura hupigwa kwa sauti, Ndiyo zashinda, na kesho yake mmoja wao atuma picha kwa simu kuwaambia watu wake kwamba amewaletea maji. Hajaleta hata ndoo. Ameleta ombi lililoandikwa kwa Kiingereza safi, ambalo waziri aweza kulitimiza na aweza kulifungia kabatini. Na ile hoja ambayo haikumalizwa mpaka Bunge limemaliza muda wake, yafa pamoja nalo, na mwingine atakuja kuianza upya kana kwamba ndiye aliyeigundua shida.

Basi hapo ndugu yetu wa karakana yuko sawa. Alipokosea ni pale alipodhani gari zima ni mabehewa matupu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyorudisha Seneti, nayo ikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Ina Maseneta 67: 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, wanawake 16 wa kuteuliwa na vyama, wawili wa vijana, na wawili wa watu wenye ulemavu. Jambo likiwa la kaunti, vichwa hivi havihesabiwi. Kila kaunti ni ujumbe mmoja na kura moja. Mwenye kuipiga ni Seneta wa kuchaguliwa, au, yeye akiwa hayupo, mwenzake wa ujumbe huo huo ambaye amemweka mahali pake.

Sasa wasikilizeni watu wenyewe walivyohesabiwa. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 315,943 katika Tana River nzima, toka Madogo hadi Kipini. Nairobi ilipata 4,397,073. Katika Bunge la Taifa Nairobi ina majimbo 17 ya uchaguzi. Sisi tuna matatu, Garsen, Galole na Bura. Je, twende huko tukashindane kwa wingi? Tutashindwa kabla ya chai ya saa nne. Lakini katika Seneti, siku ya jambo la kaunti, jina la Nairobi likiitwa ni kura moja, na jina la Tana River likiitwa ni kura moja. Twawauliza vijana waliopiga makofi: mnataka kuvunja mizani pekee ambayo juu yake sisi na Nairobi tuna uzito mmoja?

Msifikiri twasema habari ya heshima tu. Twasema habari ya fedha. Mwaka 2020 Seneti ilitakiwa kupitisha kanuni mpya ya kugawanya fedha baina ya kaunti 47. Mapendekezo yale yaliupa wingi wa watu uzito zaidi, na uzito wa umaskini ukapungua. Walisema ni haki: mtu mmoja, shilingi moja. Maneno matamu, hata sisi wafanyakazi twayapenda tukiyasikia mara ya kwanza. Lakini mpe muuguzi wa Nairobi na muuguzi wa Tana shilingi moja moja, halafu mwambie wa Tana avuke mto, apite tope la kilomita nyingi, atafute mafuta ya boti, ndipo amfikie mzazi mmoja. Shilingi ile imekwisha njiani. Kwa kanuni ile kaunti kubwa kwa ardhi na chache kwa watu zingepoteza, na Tana River ilikuwamo, pamoja na majirani zetu wengi wa Pwani na Kaskazini.

Kura ya namna hii haipiti mpaka ipate wajumbe wengi kati ya wajumbe wote, ndiyo kusema kaunti 24. Hawakuzipata. Tangu Juni Seneti ilikutana na kuahirisha, ikakutana na kuahirisha. Magazeti yaliwacheka kwamba wameshindwa kazi. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, siku ambayo kura ilingojewa tena, Maseneta watatu walikamatwa na polisi: Malala wa Kakamega, Langat wa Bomet na Lelegwe wa Samburu. Polisi walitoa sababu zao. Seneti iliacha hesabu siku ile ikazungumza kukamatwa kwa watu wake, ikaweka kamati ya watu 12 kutafuta njia. Tarehe 17 Septemba 2020 wakakubaliana: kanuni mpya isitumike mpaka fungu la kaunti zote liongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili wenye watu wengi wapate zaidi na sisi tusinyang'anywe tulichokuwa nacho.

Bilioni 53 na nusu ziliongezwa. Hazikuongezwa kwa huruma ya mtu. Ziliongezwa kwa sababu kaunti ndogo zilikuwa na nyumba ambamo zingeweza kukataa, nazo zikakataa. Mwaka wa fedha wa 2021 na 2022 Tana River ilipewa fungu la kama shilingi bilioni 6 na nusu. Kama zilitumika vizuri ni jambo lingine, na tutalifikia. Lakini ndugu yetu wa karakana atuambie: siku ile, katika nyumba gani nyingine tungesema La na La yetu ikasikiwa?

Wala si mara hiyo tu. Mwaka 2013, nyumba hii ilipokuwa changa, Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kugawa mapato likiruka Seneti. Maseneta walikwenda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Novemba 2013 Mahakama ikasema nyumba zote mbili zahusika. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoangushwa kwa maandamano ya vijana, ilitakwa bilioni 400 na ushei zilizokuwa zimekwisha kutajwa kwa kaunti zishushwe mpaka 380. Nyumba mbili zilivutana, mambo yakaenda kwa kamati ya upatanisho, wakatoka na bilioni 387.4. Huo nao ulikuwa ushindi mdogo wa kuzuia hasara, kama ule tunaoupata sisi mezani kwa mwajiri, pale tunapokwenda kudai nyongeza na kurudi tumezuia kupunguzwa. Mwanachama wa siku nyingi haudharau ushindi wa namna hiyo.

Sote twakumbuka tarehe 17 Oktoba 2024, Seneti ilipomwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Hapakuwa na mtu stesheni asiyekuwa na sikio kwenye simu, na mwenzetu mmoja alikaribia kusahau bendera yake. Siku ya fedha za kaunti hakuna aliyesikiliza. Basi aibu hiyo ni ya nani?

Sasa twende kwenye neno la ndugu yetu kwamba ivunjwe kama ile ya zamani. Ndugu, wajua ile ya zamani ilivunjwaje?

Seneti ya kwanza ilikaa mwaka 1963, pamoja na Katiba ya Majimbo. Ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya katika wilaya 40, na mmoja wa Nairobi. Spika wake alikuwa mtu wa Pwani, Timothy Chokwe. (Pwani yaelekea kupendwa kwa kiti hicho, Amason Kingi, aliyechaguliwa Spika mwaka 2022, ni wa Kilifi. Kiti hicho kwa miiko yake hakitakiwi kupendelea upande, kwa hiyo tusijisifu sana.) Katiba ile iliweka kwamba sehemu zake nzito zisiguswe mpaka zipate robo tatu ya kura za nyumba ya chini na asilimia 90 ya kura za Seneti. Lilikuwa komeo kubwa, nalo lilifunguliwa kutoka ndani. Tarehe 10 Novemba 1964 chama cha Kadu, kilichokuwa kikitetea majimbo, kilijivunja na watu wake wakavuka kwenda Kanu. Mwaka 1965 kiasi cha kura kikashushwa kuwa asilimia 65 katika kila nyumba. Mwaka 1966 ukaletwa mswada wa kuziunganisha nyumba mbili kuwa moja, na Maseneta wenyewe wakaupigia kura ya Ndiyo.

Bei yake ilikuwa nini? Majimbo ya uchaguzi yaliongezwa kutoka 117 hadi 158. Toeni wenyewe: ni 41. Kila Seneta aliyekuwa akikaa kwa niaba ya wilaya yake alipata kiti katika nyumba mpya, na uchaguzi ukasogezwa mbele. Nchi haikupiga kura ya Bunge mpaka Desemba 1969. Wilaya zilipoteza nyumba yao, wakubwa hawakupoteza hata mto wa kiti. Ndivyo ilivyovunjwa hiyo ambayo ndugu yetu ataka tuige, wala hakuna mfanyakazi aliyeulizwa.

Kutoka hapo mpaka 2013 ni miaka 46. Katika miaka hiyo mto wetu ulifanyiwa mambo makubwa. Bwawa la Kindaruma lilimalizwa mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Bwawa la Ndakaini, ambalo Nairobi hunywa maji yake, lilikuja miaka ya tisini, nalo liko juu ya mto Thika unaomwaga katika Tana. Hatusemi mabwawa ni dhambi. Umeme twautumia, na karakana ya ndugu yetu yaendeshwa nao. Twasema hivi: Mto Tana watoka Mlima Kenya na Nyandarua, wapita kaunti za watu wengi, na sisi tuko mwisho kabisa, kwenye delta. Mvua yanyesha huko milimani, mabwawa yajaa, na Ngao yapata maji mengi siku ambayo hakuna hata wingu juu ya paa la kanisa. Mvua ikikosekana huko, mto wetu wawa mchanga na chumvi ya bahari yapanda mashambani. Wazee wetu waliolima kwa kufuata mto, wakijua mwezi wa kupanda mpunga kwa kutazama ukingo, walijikuta mto haufuati tena kalenda yao. Na katika miaka yote hiyo 46 hapakuwa na nyumba ambamo Tana River, kama wilaya, iliweza kukaa sawa na walio juu ya mto na kuwauliza.

Leo nyumba iko. Jambo la mto unaopita kaunti nyingi si jambo la gavana mmoja. Wa kwetu hawezi kumwamuru wa Embu wala wa Garissa. Si jambo la diwani. Mahali ambapo wa juu na wa chini hukaa kwenye viti vya urefu mmoja ni Seneti. Kama Seneti haifanyi kazi hiyo, basi kosa ni la wanaokaa ndani yake na la sisi tuliowapeleka. Dereva akilala hatung'oi reli.

Tumesikia pia hoja kwamba Tanzania na Uganda zina Bunge la nyumba moja na wanaendelea. Ni kweli. Kila nchi ina mambo yake. Sisi hapa tuliionja nyumba moja kwa miaka 46, na watu wa pembeni ladha yake wanaijua. Na mwenye kudhani Seneti yaweza kuvunjwa kwa tamko la tawi, asome kifungu cha 255: kazi za Bunge hazibadilishwi ila kwa kura ya maoni ya nchi nzima.

Kuhusu fedha inazokula, hatutaitetea Seneti. Safari ni nyingi, marupurupu ni mengi, na mwanachama wetu wa gengi anayekaza mataruma juani ana haki ya kukasirika. Twataka zipunguzwe. Lakini nyumba nyingine ina watu 349 na hakuna aliyesimama mkutanoni kusema ivunjwe kwa sababu ya gharama. Mbona ukali wetu waanzia kwenye nyumba ambamo wanyonge wana kura sawa?

Basi twataka nini? Twataka tuache kuwapigia makofi wenye hoja tupu, na tuanze kudai hesabu ya kura. Seneta wetu aliyechaguliwa Agosti 2022, Danson Mungatana, si mgeni kwetu. Alikuwa mbunge wa Garsen tangu 2002 hadi 2013. Hatumtukani, wala hatusemi kwamba hafanyi kazi. Twamwuliza kama tunavyomwuliza mweka hazina wa tawi, ambaye kila miezi mitatu husimama mbele yetu na daftari hata kama ni rafiki. Tangu achaguliwe, kura za kaunti zimepigwa ngapi, na Tana River ilisema nini katika kila moja? Siku ambazo hakuwepo, ni nani aliyemweka apige kwa niaba yetu? Maana kumbukeni hesabu ile ya 24: yahesabiwa katika kaunti zote, si katika waliohudhuria. Siku tunayotaka jambo lipite, kiti kitupu cha Tana River ni sawa na kura ya La. Na hoja zilizopitishwa juu ya mto, barabara na mafuriko, ipi imetimizwa na ipi iko kabatini? Haya yote yameandikwa katika Hansadi. Si siri. Ila hakuna anayetusomea.

Hapo pana jambo la lugha. Kifungu cha 120 chasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara. Kiswahili kimetajwa cha kwanza. Seneta aweza kusema Kiswahili toka asubuhi hata jioni, na wapo wanaofanya hivyo vizuri. Lakini tazameni Orodha ya Shughuli, tazameni miswada: Kiingereza, Kiingereza. Sisi tuliosoma shule ya msingi ya misheni twaweza kusoma Biblia, sheria za kazi zilizofasiriwa, na taarifa hii mnayoishika. Tupeni miswada ya kaunti kwa Kiswahili, muone kama mtaendelea kutuambia kwamba wananchi hawajitokezi kutoa maoni.

Tena kuna hesabu za fedha zenyewe. Bilioni zikifika Hola haziwi zahanati kwa kufika tu. Katiba, kifungu cha 96, imeipa Seneti kazi ya kuangalia fedha za taifa zinazokwenda kaunti. Kamati yake ya hesabu huwaita magavana mmoja mmoja mbele ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kuwauliza. Kazi hii haina nyimbo, haipigwi picha sana, na hakuna anayeipelekea ngoma. Kwetu sisi ina maana kuliko hoja mia. Tukitaka kujua kwa nini zahanati haina dawa wakati fungu lilikuja, mlango ni huo, na twapaswa kumpelekea Seneta maswali kabla gavana hajaitwa, tusingoje kusikia baadaye.

Wenzetu wengine wasema: haya ya Tana yahusu nini chama cha wafanyakazi wa reli, na reli yenyewe haifiki Garsen? Ni kweli haifiki, na reli ni kazi ya Serikali ya Taifa. Mshahara wetu hautajadiliwa kama jambo la kaunti. Lakini mshahara huo waishia wapi? Waishia nyumbani. Kila daraja lililokatika huko, kila zahanati bila dawa, ni makato katika mshahara wetu ambayo hayamo kwenye karatasi ya malipo. Mwenzetu wa Kitui ana kiangazi chake, wa Budalangi ana mafuriko yake. Tukijifunza njia kwa Tana tutaijua kwa wote.

Njia tuliyoichagua ni hii. Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi si hoja. Hoja huletwa na mheshimiwa akitaka. Ombi letu likikubaliwa kuwa liko sawa kwa kanuni, husomwa mbele ya Seneti nzima, hupewa kamati, na Kanuni za Kudumu zaitaka kamati ijibu katika siku 60. Sisi watu wa Tana tulio katika tawi hili tumeandika ombi, kwa Kiswahili. Laomba kamati ichunguze jinsi habari ya maji kufunguliwa au kujaa huko juu inavyofikishwa kwa vijiji vya chini, nani ana wajibu wa kuifikisha, na kwa saa ngapi kabla. Laomba ijulikane kazi ya kingo za mto na barabara ya kuingia vijijini ni ya nani, Nairobi au Hola, maana tumechoka kurushwa baina yao kama mpira. Na laomba kamati ikae Garsen na Ngao, isikilize watu huko, isiwaite wazee Nairobi.

Jambo moja tulilisisitiza katika kuliandika. Ombi hili si la Wapokomo peke yao. Maji ya 2023 yalichukua mpunga wa mkulima, yakachukua na ndama wa Waorma na wa Wardei. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 tulizika watu wetu kwa makumi, pande zote mbili, kwa ajili ya malisho na maji. Kwa hiyo wenzetu wafugaji walio katika kazi hii, makuli na walinzi, tumewasomea ombi lote kabla ya kulifunga, wakaongeza mistari yao kuhusu njia za ng'ombe kufika mtoni, nayo imeingia kama walivyoisema.

Karatasi za kutia sahihi ziko kwa katibu wa tawi. Zitakuwa wazi mpaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya zamu ya mchana, ndipo zitafungwa na nakala kupelekwa kwa Karani wa Seneti na kwa Seneta. Asiyeweza kuandika aje na kidole gumba. Siku 60 tutazihesabu katika taarifa hii, toleo kwa toleo, na jibu likija tutalichapa lote, liwe zuri au baya. Ndugu yetu wa karakana tumemwachia mstari wa kwanza juu ya karatasi ya kwanza. Katibu ameambiwa asimpe mtu mwingine.